Ugavi wa pilipili manga kwa kila mtu nchini Kameruni: jinsi ya kuukokotoa na kuukagua mwenyewe

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nimeona Mkameruni anatumia gramu kadhaa za pilipili manga kwa mwaka, ni kweli?" "Mbona tovuti hii inasema hivi na ile inasema mara mbili yake?" "Mbona mwaka fulani imeandikwa sifuri, na pilipili ya Penja, ya huko huko Kameruni, inauzwa mpaka Ulaya?" Wanaouliza ni wanafunzi wanaoandika tasnifu, waandishi wa habari, na wafanyabiashara wanaotaka kujua soko lina ukubwa gani. Kuwajibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo hatua zote ziko hapa.

Nimeichagua Kameruni kwa sababu mitego yote imekutana huko. Inalima pilipili manga yake, inaagiza nyingine, inauza nje, inapitisha mizigo ya majirani katika bandari ya Douala, na misitu yake ina viungo ambavyo hakuna karani anayeviandika. Ukiweza Kameruni, utaweza karafuu za Gabon na tangawizi ya Chad kwa njia hiyo hiyo.

Nadharia ni aya hii tu. Ugavi kwa kila mtu ni salio. Hakuna aliyeingia jikoni kwa watu na mizani. Watakwimu huchukua kilichovunwa, wakaongeza kilichoagizwa, wakatoa kilichouzwa nje na kilichowekwa ghalani, wakatoa kilichoharibika, na kilichobaki wakakigawanya kwa idadi ya watu. Jedwali la hesabu hiyo ndilo linaloitwa mizania ya chakula. Kosa lolote lililofanyika njiani hudondokea kwenye salio. Ndiyo maana nambari hii haiitwi "ulaji", na ndiyo maana nasisitiza uikokotoe mwenyewe kabla ya kuitumia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice. Simu inaweza, lakini itakutesa.
- Intaneti ya kufungua FAOSTAT, hifadhidata ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Ni bure na haidai usajili.
- Idadi ya watu ya mwaka unaoushughulikia, kutoka makadirio ya Umoja wa Mataifa.
- Takwimu za forodha kutoka UN Comtrade, za kukagulia biashara.
- Kifaransa cha kubahatisha. Nyaraka nyingi za Kameruni ziko katika lugha hiyo, na inakubidi ujue angalau kwamba *poivre* ni pilipili manga na *piment* ni pilipili kali.
- Ukurasa wa pili katika faili lako wa kuandika umechukua nini, wapi, na tarehe gani umepakua. Usiuruke huu. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 1: Amua ni kiungo gani hasa

Hapa ndipo wengi huanguka hata kabla ya kufungua faili. Katika mizania ya chakula ya FAO kuna mistari minne ya viungo. Pilipili manga, ile punje ya mmea wa Piper, ina msimbo 2640. Pilipili kali iliyokaushwa ni 2641. Karafuu ni 2642. Viungo vingine vyote, kuanzia tangawizi na iliki hadi mdalasini, vimerundikwa kwenye 2645. Juu yao kuna mstari wa jumla wa viungo vyote. Mtu akichukua mstari wa jumla akadhani ni wa pilipili manga, ameshaharibu kazi.

Pilipili mbichi ya sokoni haimo katika mistari hiyo kabisa. FAO huihesabu kwenye mboga. Kwa hiyo ukiona pilipili kali ya Kameruni ni kidogo kuliko unavyoiona kwenye sahani zao, sehemu kubwa imekaa kwenye mstari wa mboga ikiwa bado na maji yake.

Halafu kuna viungo vya msituni. Mbongo tchobi, mchuzi mweusi wa Wabasaa, hupata rangi yake kutokana na viungo vilivyochomwa kisha kusagwa. Nkui ya Wabamileke nayo hupikwa kwa mchanganyiko wa magome, mbegu na matunda ya porini. Humo utakuta njansang, kungu ya msituni, mbegu za jamii ya Aframomum, na hata Piper guineense, binamu wa pilipili manga anayetambaa kwenye miti na kuchumwa na wenyeji. Akina mama huvipanga sokoni kwa mafungu madogo madogo, na bei ni ya fungu, si ya kilo. Vingi havifiki kwenye takwimu yoyote. Ukiandika kwamba watu wa huko "wanatumia viungo kidogo" kwa sababu mstari wa 2640 ni mdogo, mpishi yeyote wa Kameruni atakucheka, na atakuwa na haki.

Andika juu ya faili lako: "Piper, msimbo 2640, kavu." Kisha endelea.

Hatua ya 2: Hakikisha nchi ni ile unayoitaka

Kameruni yenyewe haina utata. Ukifanya nchi nyingine ya kanda hiyo, kumbuka kwamba Kongo ni mbili: ya Brazzaville ina msimbo COG na ya Kinshasa ina COD. Nimeshaona tani za moja zikigawanywa kwa watu wa nyingine. Jamhuri ya Afrika ya Kati ni nchi, na Afrika ya Kati ni kanda, ambayo kwa FAO ina nchi tisa, Angola ikiwa ndani yake.

Hatua ya 3: Pakua mstari mzima, usichukue jibu peke yake

Fungua FAOSTAT, ingia kwenye sehemu iliyoandikwa "Food Balances". Utaona mbili: moja inaanzia 2010 kuja huku, nyingine inaishia 2013 na imeandikwa kuwa ni ya mbinu ya zamani. Chukua ile mpya.

Chagua Kameruni, chagua msimbo 2640, chagua miaka. Kwenye vipengele usichague kile cha kilo kwa kila mtu peke yake, ingawa ndicho unachokitafuta. Chagua vyote: uzalishaji, uagizaji, uuzaji nje, mabadiliko ya akiba, ugavi wa ndani, upotevu, mbegu, matumizi mengine, chakula, na idadi ya watu. Ukichukua jibu bila hesabu yake, huna cha kukagua.

Onyo: usiunganishe mfululizo wa zamani na mpya ili upate grafu ndefu ya kuanzia 1961. Mbinu zimebadilika na idadi ya watu imebadilika. Utaona ngazi katikati ya grafu, utatunga hadithi ya kuieleza, na hadithi hiyo haitakuwa kweli.

Hatua ya 4: Sawazisha vipimo

Mizania huandikwa kwa maelfu ya tani, na watu kwa maelfu. Sehemu ya uzalishaji wa mazao kwenye FAOSTAT hiyo hiyo huandikwa kwa tani. Comtrade huandika kwa kilo. Geuza vyote viwe kilo kabla ya kufanya lolote.

Kwa bidhaa kama mahindi, elfu moja ya tani ni punje tu. Kwa pilipili manga ndiyo nchi nzima. Nambari ikikatwa kuwa namba kamili ya maelfu ya tani, tani 490 zinakuwa sifuri, na tani 510 zinakuwa elfu moja. Kwa nchi ya watu milioni 28, hiyo ndiyo tofauti ya kati ya gramu 0 na gramu 36 kwa kila mtu, na hakuna hata punje moja iliyohama. Ukiona namba kamili zisizo na nukta, rudi kwenye sehemu ya uzalishaji na ya biashara uchukue tani halisi.

Kuna pia suala la mkato. Nyaraka za Kifaransa hutumia mkato pale sisi tunapoweka nukta, kwa hiyo "2,8" ni mbili nukta nane. Kompyuta yenye mipangilio ya Kiingereza inaweza kuisoma kuwa 28.

Hatua ya 5: Kokotoa

Nambari zifuatazo ni za kufundishia, si takwimu za Kameruni. Nimetumia watu milioni 28 kwa kuwa ni karibu na makadirio ya sasa ya nchi hiyo.

1. Uzalishaji: tani 2,500.
2. Ongeza uagizaji: tani 900. Inakuwa 3,400.
3. Toa uuzaji nje: tani 200. Inakuwa 3,200.
4. Toa kilichoongezwa ghalani: tani 100. Inakuwa 3,100. Huu ndio ugavi wa ndani.
5. Toa upotevu, tani 150, na matumizi yasiyo ya chakula, tani 150. Inabaki 2,800. Hiki ndicho chakula.
6. Geuza kuwa kilo: 2,800,000.
7. Gawanya kwa watu 28,000,000. Jibu ni kilo 0.1, yaani gramu 100 kwa mwaka.
8. Gawanya kwa siku 365. Ni gramu 0.27 kwa siku.

Kwenye safu ya mbegu utakuta sifuri, na ni sawa: mpilipili manga hupandwa kwa vipande vya shina. Kusaga nako hakuhesabiwi kuwa usindikaji, kwa sababu unga wa pilipili manga bado ni pilipili manga.

Akiba ndiyo inayosumbua zaidi. Punje kavu hukaa ghalani muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo mkulima au mchuuzi akiona bei imeanguka huifungia ndani akasubiri. Tani hizo zimevunwa lakini hazijafika kwenye chungu cha mtu, na mara nyingi hakuna anayezihesabu. Zinatokea baadaye, bei ikipanda, zikafanya mwaka huo uonekane wa neema.

Onyo: alama ya kuongeza na kutoa kwenye mabadiliko ya akiba haikuwa na maana moja katika mbinu ya zamani na mpya. Usikisie. Chukua mwaka mmoja wenye akiba isiyo sifuri, fanya hesabu kwa mkono, uone ni alama ipi inayokupeleka kwenye ugavi wa ndani ulioandikwa.

Hatua ya 6: Kagua idadi ya watu

Kameruni huru ilifanya sensa mwaka 1976, 1987 na 2005. Ile ya 2005 ilipata watu 17,463,836. Takwimu za watu unazoziona kwenye mizania za miaka ya karibuni ni makadirio, na Umoja wa Mataifa huyapitia upya kila baada ya miaka michache. Wakiyapitia, hubadilisha na miaka ya nyuma. Faili ulilopakua miaka mitatu iliyopita na la leo yanaweza kutofautiana kwa mwaka ule ule wa 2015, bila tani hata moja kubadilika. Ndiyo sababu nimekuambia uandike tarehe ya kupakua.

Katika mfano wetu, ukitumia watu milioni 25 badala ya 28, gramu 100 zinakuwa 112. Huo ni "ukuaji wa asilimia 12" uliotoka kwenye kigawanyo tu.

Hatua ya 7: Kagua uzalishaji

Pilipili ya Penja inatoka kwenye udongo wa volkano wa wilaya ya Moungo, kaskazini ya Douala. Mwaka 2013 ilipata kinga ya jina la mahali kutoka OAPI, shirika la hakimiliki lenye makao Yaoundé, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya nao ukaitambua. Ni sifa kubwa, lakini haikupi nambari ya nchi. Si kila pilipili manga ya Kameruni ni ya Penja, na si kila inayouzwa kwa jina hilo imetoka huko.

Ukipata ripoti ya ushirika au ya mradi wa kilimo, swali la kwanza ni: tani hizi ni za punje mbichi au kavu? Kilo 100 za punje mbichi hutoa takriban kilo 33 za pilipili nyeusi. Nyeupe, ambayo ndiyo Penja inajulikana nayo, hutoa kama kilo 25 tu, kwa sababu punje zilizoiva hulowekwa kwenye maji siku kadhaa, ganda likalainika, likasuguliwa na kuoshwa, ndipo kilichobaki kikaanikwa juani. Ukiweka uzito wa mbichi mahali pa kavu, umeizidisha nchi mara tatu au nne. Ripoti nyingi hazisemi ni upi. Piga simu, au usiitumie.

Hatua ya 8: Kagua biashara kutoka upande wa pili

Fungua UN Comtrade utafute misimbo ya forodha 090411 (pilipili manga nzima) na 090412 (iliyosagwa). Usiguse 090421 na 090422, hizo ni pilipili kali kavu. Zote nne zimo chini ya kichwa kimoja, 0904, na anayepakua kichwa kizima huondoka na mimea miwili ndani ya gunia moja.

Kisha fanya hivi:

1. Chukua kile Kameruni inachosema imeagiza.
2. Chukua kile nchi zilizouza zinachosema zimepeleka Kameruni. Anza na Vietnam, muuzaji mkubwa kuliko wote duniani.
3. Linganisha uzito. Achana na thamani, kwa sababu upande mmoja huandika bei pamoja na nauli na bima, na mwingine bila.

Hazitalingana, usishtuke. Meli iliyoondoka Desemba hufika Januari, na mzigo ukaangukia miaka miwili. Kubwa zaidi ni mizigo ya kupita: Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati hazina bahari, na bidhaa zao nyingi hushushwa Douala. Muuzaji anaweza kuandika "Kameruni" kwenye karatasi zake wakati gunia linaelekea N'Djamena au Bangui. Pengo likiwa kubwa, jiulize kwanza kuhusu lori hilo.

Kwenye mipaka ya nchi kavu takwimu hupungua zaidi. Kyé-Ossi, kusini, ni soko lililokaa pale Kameruni, Gabon na Guinea ya Ikweta zinapokutana. Watu wa nchi tatu huja kununua chakula, wakaondoka nacho kwenye vikapu, pikipiki na paa za magari madogo. Upande wa Nigeria mpaka ni mrefu na njia ni nyingi. Msomaji wa Busia au Kasumbalesa hahitaji kuelezwa zaidi. Kinachovuka hivyo kikiwa kinatoka, ugavi wa Kameruni unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kikiwa kinaingia, unaonekana mdogo.

Kuna njia moja ya kificho nayo: vidonge vya mchuzi na viungo vilivyochanganywa viwandani. Pilipili manga iliyomo ndani yake huvuka forodha kwa jina la supu au sosi, na mstari wa 2640 hauioni. Kwa nchi inayotumia vidonge hivyo karibu kila chungu, si jambo la kupuuza, ingawa mimi sijapata njia safi ya kuyatenganisha. Itaje, uendelee.

Hatua ya 9: Soma herufi iliyo pembeni ya nambari

Kila nambari ya FAOSTAT ina herufi ndogo pembeni, na wengi huifuta ili jedwali lipendeze. Usiifute. A maana yake ni takwimu rasmi. E ni makadirio. I ni nambari iliyojazwa kwa mbinu ya kitakwimu kwa sababu hakukuwa na taarifa. X imetoka kwa shirika jingine la kimataifa.

Weka safu ya herufi karibu na safu ya tani. Ukiona uzalishaji una I miaka mfululizo na uagizaji una A, ujue grafu yako ya "ugavi unapanda" inaweza kuwa ni fomula inayopanda. Na ukishajua hivyo, huwezi tena kuandika kwa kujiamini kwamba ugavi ulikua kwa asilimia 3.7.

Hatua ya 10: Pima kwa akili za jikoni

Gramu 0.27 kwa siku ni kitu gani? Kijiko cha chai cha pilipili manga iliyosagwa ni kama gramu mbili na ushei. Kwa hiyo mfano wetu unampa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, kijiko kimoja kwa siku nane hivi. Inaingia akilini. Ungepata kilo mbili kwa mwaka, ingekuwa zaidi ya vijiko viwili kila siku kwa kila mtu. Hapo rudi hatua ya 4, kuna sifuri imepotea au imezidi.

Mizani ya pili ni tafiti za kaya. Kameruni inazo, zinaitwa ECAM. Ya nne ilifanyika 2014 na ya tano 2021 hadi 2022. Zinauliza kaya imetumia fedha kiasi gani, kwa hiyo utahitaji bei ili upate uzito, na hapo pana shimo. Watu wengi hununua pilipili manga kwa kipakiti cha faranga chache, na kilo moja ukiikusanya kwa vipakiti ni ghali kuliko kilo ya gunia. Ukigawanya matumizi kwa bei ya jumla, utapata uzito mkubwa mno. Tumia bei ya kipakiti. Kumbuka pia samaki wa kuchoma wa barabarani na mishikaki ya nyama inayoitwa soya: pilipili iliyopakwa pale haimo kwenye jiko la mtu yeyote aliyehojiwa.

Hatua ya 11: Andika nambari pamoja na upana wake

Rudia hesabu ya hatua ya 5 mara mbili. Mara ya kwanza, chukulia kwamba uzalishaji ulizidishwa kwa tani 500: chakula kinashuka hadi 2,300, na kila mtu anapata gramu 82. Mara ya pili, chukulia kwamba tani 600 ziliingia bila kuandikwa: inakuwa 3,400, yaani gramu 121. Sasa una kitu cha kuandika.

Usiandike: "Mkameruni hula gramu 100 za pilipili manga kwa mwaka."

Andika: "Ugavi wa pilipili manga unakadiriwa kuwa kati ya gramu 80 na 120 kwa kila mtu kwa mwaka, kwa mizania ya FAO iliyopakuliwa mwezi fulani, uzalishaji ni makadirio, na biashara ya mipakani haimo."

Ni sentensi ndefu, na mhariri wako atataka kuikata. Mwache akate mwezi. Neno "ugavi" na ule upana asiviguse.

Ukikwama

*Nimepata sifuri, na najua pilipili inalimwa.* Ni ukataji wa namba wa hatua ya 4. Chukua tani kutoka sehemu ya uzalishaji ukokotoe upya. Ikiwa hata huko hakuna kitu, tazama herufi: pengo si sifuri.

*Nimepata namba hasi.* Uuzaji nje umezidi uzalishaji na uagizaji kwa pamoja. Aidha mzigo wa kupita umehesabiwa ukitoka na haukuhesabiwa ukiingia, au mwaka huo watu wamemwaga akiba ya mwaka jana. Chukua wastani wa miaka mitatu. Ikibaki hasi, iache wazi na useme kwa nini.

*Nambari ni ile ile miaka mitano mfululizo.* Hakuna shamba linalovuna hivyo. Imejazwa. Itumie kama nukta moja, si tano.

*Yangu hailingani na ya tovuti nyingine.* Kagua kwa mpangilio huu: je, wao wameandika viungo vyote au pilipili manga peke yake? Kilo au gramu? Mwaka au siku? Toleo la lini? Mara nyingi utalipata kosa kwenye swali la kwanza. Tovuti za kupanga nchi kwa nafasi huchota FAOSTAT mara moja na hazirudi tena, kwa hiyo usiwarekebishie hesabu yako ili mfanane.

*Grafu imeruka ghafla karibu na 2010.* Umeunganisha mbinu mbili. Tenganisha.

*Faili limefunguka na herufi za ajabu, na namba hazijumlishiki.* Usilifungue kwa kulibofya. Anza Excel, ingiza data kutoka kwenye faili, chagua UTF-8, kisha onyesha kitenganishi ni mkato au nukta-mkato. Namba zikiwa zimeegemea kushoto ndani ya kisanduku, kompyuta bado inaziona kuwa maandishi.

*Nchi yangu haimo kabisa kwenye mizania.* Hutokea, hasa ukirudi miaka ya nyuma, kwa sababu FAO haikuwa na mizania ya kila nchi ya kanda hii tangu mwanzo. Tengeneza yako: uzalishaji kutoka sehemu ya mazao, biashara kutoka Comtrade kwa pande zote mbili, watu kutoka Umoja wa Mataifa, akiba weka sifuri, na upotevu azima asilimia ya jirani mwenye hali ya hewa kama yake. Kisha andika juu ya jedwali, kwa herufi kubwa, kwamba hesabu ni yako na si ya FAO.